Wimbo wa Mrefu

3 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Mimi mzima, ila sauti imekauka kwa kuimba.

Bendi yetu ya roki imebadilika, Mama. Zamani tulipiga makelele tu: foleni, umeme kukatika, mwenye nyumba mkorofi. Watu waliruka, wakatokwa jasho, wakaenda zao. Sasa magitaa tumeyashusha, maneno yanasikika. Wimbo mmoja nimemtungia mdogo wangu Mrefu, tangu anachomelea vyuma kule ghorofani hadi lile jukwaa la mbao la mafundi lilipovunjika akatutoka. Redio wanaupiga. Umeusikia?

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yapo, yananibeba.

Nimeusikia. Nilikuwa saluni, povu kichwani. Msusi akaongeza sauti, maskini, hakujua. Nilitoka na povu langu hadi nyumbani, watu wananitazama.

Mdogo wako nilimzika mara moja. Wewe unanizikia tena kila siku baada ya taarifa ya habari. Kama ni mimi niliyekuzaa, usiuimbe tena.

Mama yako

30 Julai

Mama,

Shikamoo. Barua zangu mbili hukuzijibu. Najua maji yakimwagika hayazoleki, lakini bomba nimelifunga: wimbo nimeuacha, na redio nimewaomba wauache.

Mpiga gitaa alikuja juu. "Watu wanaujia huo! Bila huo tunawaimbia nini?"

Nikamwambia, "Yule ni mtoto wa mtu."

Akafungasha gitaa lake, akaondoka. Tumebaki watatu. Muziki umekuwa mwembamba, kama chumba kilichohamwa. Nyimbo za jiji natunga bado, ila kila nikifika kwenye mstari wa majengo, nanyamaza.

Niandikie, Mama, hata kama ni matusi.

Mwanao

12 Septemba

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba. Si hasira iliyoninyamazisha. Nilikosa pa kuanzia.

Juzi walikuja mafundi wawili waliokuwa na Mrefu siku ile. Miaka yote waliogopa kuuona uso wangu. Mmoja akasema, "Mama, kazini tulikatazwa hata kumtaja. Tukawa tunauimba wimbo wa dada yake. Mbona kauacha?"

Nikamuuliza nilichokuwa nakikimbia: alikufaje?

Akainamisha kichwa. "Mbao zilipolia, angeweza kushika nguzo. Aligeuka kwanza kutupigia kelele: 'Tokeni chini!' Sisi ndio tuliokuwa chini."

Nililia, mwanangu, kilio kilichogoma kutoka msibani. Wao nao wakalia, watu wazima na ndevu zao.

Basi uimbe. Ila hujaumaliza, hilo neno lake la mwisho halimo. Na utakapofika hapo, usiliimbe wewe. Wapishe wale mafundi, waliseme wao waliolisikia. Wamekubali kuja.

Nami nakuja nao. Niwekee kiti cha mbele.

Mama yenu