Salamu za Mama Yako

Mpendwa mume wangu,

Leo Ijumaa nimepika wali wa kutosha watu wawili, halafu nikakumbuka niko peke yangu hapa mtaani kwetu Fereej Bin Mahmoud, ugenini Uarabuni.

Unakumbuka Ijumaa zetu? Ukishaegesha basi la kampuni, ulikuwa unampigia mama yako Yenagoa, kwenu Nigeria, kabla hata ya kuvua viatu. Mama hajui Kiingereza, kwa hiyo ulinikalisha kwenye zulia unifundishe salamu za Kiepie, lugha yenu. Ile b ya kuvuta pumzi ndani niliipata siku ya kwanza, maana ndiyo hiyo ya "baba" ninayoisema tangu utotoni. Ukashangaa. Lakini gb ilinitoa jasho. Midomo ifungwe na koo lifungwe, kisha vyote viachiwe pamoja. Mimi nilitanguliza g, b ikafuata nyuma kama iliyoachwa na basi.

"Usizipange foleni," ulisema. "Zitoke mlango mmoja."

"Wacha kunicheka. Na wewe ukisema ng'ombe, si huwa nanyamaza?"

Ukanirekodia salamu zote kwenye simu, nizisikilize nikienda zamu hospitalini: sauti ya kupanda, ya kushuka, na irabu zenu zinazochagua wenzao ndani ya neno moja. Nilipozishika, nikazifuta. Simu ilikuwa imejaa, na mwenye sauti alikuwa jikoni anakula. Sikuwahi kukwambia. Najuta, mume wangu, najuta sana.

Ulipoanguka kazini wakakusafirisha kwenu bila mimi, kwa sababu nilinyimwa likizo. Sikukuona ukizikwa. Nina picha zako nyingi, na hakuna hata moja inayoongea.

Tangu siku hiyo nilikuwa naogopa kumpigia mama. Leo nimejikaza. Nimemsalimu vile ulivyonifundisha, bila kuruka kitu. Akaweka simu chini, nikadhani nimeharibu. Kisha dada yako akachukua simu, akanieleza kwa Kiingereza.

"Mama anaomba urudie," akasema. "Anasema hivyo ndivyo kaka alivyokuwa akimsalimu, hata pale mwishoni mwa salamu alipokuwa anaharakisha."

Sikujua kwamba ulikuwa unaharakisha mwishoni. Nimeirudia, na tena nikairudia. Mama analia kule, mimi nalia huku, na hakuna aliyetaka kukata.

Pumzika sasa. Ijumaa ijayo nikitoka zamu nitampigia mama kabla ya kuvua viatu.

Ni mimi, mkeo.