Sabuni Yapita Nyuma

Mwalimu wangu Bura,

Shikamoo. Nimezoea kungoja marahaba yako kabla sijafungua mdomo, lakini leo nina hasira, naendelea hivyo hivyo.

Tangu tukuzike pale Nangara, sabuni haijarudi madukani. Bado tunafulia majani ya mpapai. Wanafunzi wangu nawafundisha mashairi kwa njia yako. Unakumbuka ulivyokuwa ukininyang'anya karatasi na kuniamuru niufanye ubeti kwa mwili, mdomo nimefunga? Nikikwama ulisema, "Ubeti huu umekaa kitako. Usimamishe." Siku ile nilikuletea ubeti wa kusifu uzuri wa ziwa letu. Nikasimama katikati ya mahindi yako, mikono inaning'inia, sina la kufanya. Ulicheka mpaka jembe likakuponyoka. Nakukumbuka, Mwalimu. Nakukumbuka mno.

Sasa sikia walichokufanyia.

Kamati ya sherehe iliamua shairi lako la foleni lisomwe uwanjani kwa heshima yako, na msomaji niwe mimi. Nikafurahi kama mjinga. Kumbe mwenyekiti wao, yule aliyelia msibani kuliko hata mjane wako, ameshalitia mkono. Wewe uliandika, "Twasukumana foleni, sabuni yapita nyuma." Yeye kaweka, "Subira yetu foleni, ni sifa ya watu wema." Beti zote kazifanya hivyo. Hakuna anayesukuma, hakuna anayepokea, hakuna mlango wa duka unaofunguliwa kwa nyuma. Watu wamesimama tu wanasifiwa. Na juu ya uchafu huo kaandika jina lako.

Aliponikabidhi karatasi, mikono yake ilinukia sabuni ya kuogea. Mji mzima tunanuka majani, yeye ananukia. Akaniambia kwa upole, "Mwalimu Veronika, soma kama lilivyo. Usiongeze neno." Halafu akanikumbusha kwamba majina ya walimu wa kuhamishwa hupita mezani kwake. Unajua mama yangu hajiwezi, na hana mwingine wa kumgeuza kitandani ila mimi.

Basi sikuongeza neno. Jumamosi nilipanda jukwaani nikasoma ya kwake, ila mwili nikauachia ya kwako. Mdomo uliposema subira, viwiko vilisukuma. Mdomo uliposema watu wema, mkono wa kushoto ulipita nyuma ya mgongo, ukapokea kitu, ukakificha chini ya kanga.

Nilimaliza ubeti. Nikadhani nimejiaibisha bure. Ndipo mjane wako, Mama Paulo, ambaye ulimchezesha beti hizo jikoni hadi ugali ukaungua, akasimama kati ya akina mama akasema kwa sauti yake ile ndogo, "Sabuni yapita nyuma." Akakaa. Mtu mwingine akarudia, kisha safu nzima, kisha uwanja. Nilirudia ubeti, na mikono yao ikapita migongoni pamoja na wangu. Mwenyekiti alikuwa ameanza kupiga makofi. Akaacha, akaitia mikono mfukoni.

Nimeitwa ofisini kwake Jumatatu. Woga ninao, sikufichi. Usiku nikimgeuza mama nawaza nani atamgeuza nikipelekwa mbali. Mama Paulo ameniambia nisiwaze, atahamia kwetu. Lakini nawaza.

Buriani, Mwalimu. Nakuahidi hili moja: popote watakaponitupa, nikikuta watoto na uwanja, nitawasimamisha, nitawaambia wafunge midomo, na nitawafundisha ule mkono wa kushoto.

Mwanafunzi wako,
Veronika