Hatukuzima Mpaka Ulipofika Nyumbani, Chaji

Kwa mwaka mzima, kabla hata hakujapambazuka, kitu cha kwanza kusikika nyumbani kwetu kilikuwa feni ndogo ya mashine yako ya michezo. Ilivuma taratibu pale chini ya televisheni, kama mtu anayepuliza chai ya moto bila kutaka kuamsha wengine. Leo unatimia mwaka tangu ututoke, Chaji, na muda wote huo watu walitaka tuizime, tukakataa. Jana tuliizima kwa mkono wetu wenyewe. Tunaandika ili ujue tuliizima vipi, usije ukasikia kwa wengine.

Waliokuja kutupa pole walisema umepumzika. Bibi yako aliwapokea, akawashukuru, akawapa viti, lakini neno hilo hakulikubali na leo anakataa kwa maandishi. Hukuwa mtu wa kupumzika. Ulikuwa na miaka ishirini na tisa, moyo wako ulikuwa mgonjwa tangu utotoni, na ulikuwa na kazi nyingi za kufanya. Hayo yalikuwa mambo mawili mbalimbali, na hukuruhusu moja limwamrishe mwenzake.

Kwa wanaosoma hapa na hawakukujua: jina la Chaji ulipewa na mjomba wako, kwa sababu ukiingia nyumbani kwa mtu, kabla hujaketi, macho yako yalikuwa yanatafuta soketi. Ulikuwa fundi simu. Na kila Jumamosi alfajiri, nyumba ikiwa kimya, uliegemeza simu yako kwenye kopo la sukari jikoni, ukarekodi maoni yako juu ya michezo, magari na vifaa vilivyotoka karibuni. Hakuna aliyekutuma. Msikilizaji mmoja alipokuandikia kwamba mwanamke arudi jikoni, ulimjibu kwa upole kwamba ndiko uliko, na akitega sikio atasikia birika.

Maoni yako hayakuwa na breki. Ulisema gari lenye kioo kikubwa cha kugusa badala ya vitufe limeundwa na mtu ambaye hajawahi kuongeza sauti ya redio kwenye barabara yenye mashimo. Spika ndogo za masikioni zisizo na waya uliziita vitu vya kupotea vilivyowekwa kwenye kiboksi kizuri. Kuhusu saa zinazohesabu hatua, ulisema bibi yako hajahesabiwa hata hatua moja na kila alikokwenda amefika. Simu usiyoweza kuifungua ukabadilisha betri si yako, umeazimwa tu. Na mchezo usiokuruhusu kusimama ukanywe maji, huo si mchezo, ni bosi.

Mjomba wako, dereva wa lori, alibishana nawe kuhusu magari tangu ulipokuwa unajifunza kuendesha. Yeye ni mtu wa injini kubwa. Wewe ulikuwa na kile kigari chako cha bluu iliyofifia, Kobe, ambacho mlango wa dereva hufunguliwa kwa ndani. Alikuambia hilo si gari, ni viatu vyenye taa. Ukamwambia sawa, mjomba, lakini viatu vyangu havijawahi kuvutwa kwa kamba; lori lako je? Akainuka akapime upepo wa matairi. Kisa hicho mpaka leo hakisimulii.

Lakini bibi yako aliona na mengine ambayo hukuyarekodi. Aliona kwamba kila mzee aliyeleta simu kwako aliondoka na maandishi makubwa, hata kama alikuja kubadilisha kioo tu. Aliona ulivyokaa na mshona viatu ambaye macho yake yamefifia, ukaifanya simu yake imsomee jina la anayempigia, halafu ukafumba macho yako mwenyewe ujaribu kama kweli inasaidia. Fundi mkuu, mwenye duka, alilalamika kwamba unafukuza wateja, maana mtu akija kutafuta simu mpya ulimwambia ya zamani bado nzima. Alilalamika miaka sita, na miaka yote sita hiyo hakuwahi kukuambia uache. Na wale waliosema msichana anayetembea na bisibisi mfukoni atakosa mume, bibi yako aliwajibu wakati ule na anawajibu tena: hakuwa anatafuta. Mume alikuwa naye, babu yake, ambaye yeye na bibi yake walimgombania tangu ana miaka minne. Ndiyo maana mpaka mwisho wewe na bibi mliitana mke mwenza.

Ukimaliza kurekodi, ulimketisha bibi yako mbele ya televisheni, kiti cha kushoto, mkacheza ule mchezo wa shamba. Wewe ulikuwa msichana wa koti la njano, yeye mzee wa kofia nyekundu. Kazi yake ilikuwa kumwagilia maboga. Wiki ya kwanza alimwagilia mlango wa ghala kwa sababu hakuwa anaona vizuri. Ulimwacha amalize, ukasema mlango nao una kiu.

Karibu na daraja la shamba hilo kuna kikongwe anayesimama getini kwake siku zote. Ukimsalimu, maneno yanatokea kwenye kioo, na wewe ulimsomea bibi yako kwa sauti ya kizee: "Hukukaa. Utakuja tena?" Hana zawadi ya kukupa wala kazi ya kukutuma, na ulituambia wachezaji wengi humpita kama mti. Wewe hukumpita hata siku moja.

Mchezo huo una sheria yake. Hauhifadhi chochote mpaka watu wote wawili warudi nyumbani wakalale vitandani. Ukizima kabla ya hapo, siku nzima inafutika kama haikuwapo. Na giza likiwakuta nje, wanaanguka walipo na siku inapotea vilevile.

Jumamosi ile mlikuwa katikati ya maboga kifua kilipokubana. Ulibonyeza kitufe cha kusimamisha. Mama yako alikuwa ameshawasha Kobe, na wewe ukivaa viatu ulisema, "Bibi, usizime, na usimwondoe mtu wangu alipo. Siku mbili tu, nakuja tuendelee."

Siku ya pili jioni ulituacha.

Basi hatukuzima. Umeme ulipokatika, na ulikatika mara nyingi, lile boksi la betri za akiba ulilolikusanya mwenyewe kutoka kwenye kompyuta zilizokufa liliibeba mashine peke yake. Mjomba wako alisema kitu hicho kinakunywa umeme kama ng'ombe aliyetoka safari. Wengine walisema si vizuri kung'ang'ania vitu vya marehemu. Bibi yako aliwaambia kwamba aliyemkataza kuzima ni marehemu mwenyewe, na wao hakuwaachia ujumbe wowote. Tangu siku hiyo mjomba wako hakusema tena. Ila kila akirudi safari alionekana amepiga magoti chini ya televisheni na brashi ya rangi, anaifuta feni vumbi.

Mwezi wa nane mama yako alikuwa anasafisha sebule, akapitisha kitambaa juu ya padi yako ya kuchezea, kikabonyeza kitufe. Mchezo ukaanza kwenda, naye kioo alikuwa amekizima, hakujua. Aliposikia feni imebadili sauti ndipo akawasha, akakuta jua la mchezo limeshuka na kuku wameingia bandani. Alibonyeza ukasimama, halafu akakaa sakafuni na kitambaa chake. Hatumlaumu hata kidogo. Lakini tangu hapo tulijua kwamba muda uliobaki ni mfupi.

Juzi fundi mkuu alikuja kutujulia hali, kama anavyokuja kila mwezi. Alifungua boksi la betri, akalifunga taratibu.

"Bibi, zimevimba," alisema. "Zinaweza kushika moto. Nizitoe leo au kesho; siwezi kukuachia mpaka wiki ijayo."

Alikuwa anaanza kuomba radhi, bibi yako akamzuia, kwa sababu maneno hayo yalikuwa yako. Ni wewe uliyerekodi pale jikoni kwamba betri iliyovimba haibembelezwi, inatolewa. Na bila boksi hilo, umeme ukikatika mara moja tu, siku yenu ya mwisho imekwenda. Wote tulimtazama tukidhani sasa atasema basi, izimwe. Aliomba aletewe miwani yake na padi yako.

Jana asubuhi mjomba wako alishika padi ya bibi, ile uliyoifunga utepe asiichanganye na yako, amwongoze mzee wa kofia nyekundu. Bibi yako alishika yako. Vitufe vyake vimelika upande wa kidole gumba chako, na kidole chake kikaingia humohumo. Mama yako alisimama karibu na kioo atusomee saa ya mchezo. Fundi mkuu alikaa kando ya boksi na ndoo ya mchanga.

Bibi yako akabonyeza. Ukatembea, Chaji. Koti lako la njano lilipita katikati ya maboga, polepole, likigonga ua hapa na pale, lakini lilipita. Mjomba wako, aliyewahi kuvusha lori kwenye mito iliyofurika, alimtumbukiza mzee bwawani hata kabla ya daraja, akalaumu usukani. Mama yako alicheka. Ulikuwa mwaka mzima hajacheka mbele ya televisheni hiyo.

Walipofika getini kwa kikongwe, bibi yako alisimama.

"Mama, giza linaingia," mjomba wako alisema. "Huyo mwache."

"Hajawahi kumpita," bibi yako alisema. "Hatampita leo kwa mkono wangu."

Alimsalimu. Maneno yakatokea, na hakuna aliyeyasoma kwa sauti, kwa kuwa wote tuliyajua. Kisha daraja, kisha ngazi, kisha mlango. Mama yako aliacha kusoma saa, akawa anahesabu hatua tu. Ulilala kwanza wewe. Mzee wa kofia nyekundu aliingia nyuma yako akidondosha maji, akapanda kitanda cha pili, na dirishani kulikuwa kumebaki mstari mwembamba wa mwanga. Kioo kikawa cheusi. Kikaandika kwamba siku imehifadhiwa.

Haikupotea. Anayesema vya marehemu hupotea vyote aje tumwonyeshe: maboga kumi na manne, ua ulioinama mahali pawili, na mlango wa ghala ulioshiba maji.

Ndipo bibi yako akabonyeza kitufe cha kuzima, yeye mwenyewe, na fundi mkuu akabeba boksi lake nje. Hatukuzima kwa kuchoka, wala kwa kushauriwa. Tulizima kama ulivyokuwa unazima wewe, kwa nia ya kuwasha tena. Na leo kabla hakujapambazuka aliiwasha. Feni ikaanza kuvuma. Maboga yalikuwa yanataka maji.

Nanyi mliomsikiliza kila Jumamosi, mkisoma haya, mnakaribishwa. Kiti cha kulia kiko wazi, na mjomba wake amekaa mwaka mzima bila mtu wa kumbishia, kichwa kimeanza kumvimba. Anayejua kisa cha lori kuvutwa kwa kamba aje amkumbushe.

Wanaokukumbuka ni mama yako, anayeendesha Kobe kila siku na kufungua mlango kwa ndani. Mjomba wako na brashi yake. Fundi mkuu, ambaye sasa naye huwaambia wateja simu zao bado nzima. Na bibi yako, aliyeandika haya kwa kalamu.

Kukusahau tumekataa, na tutaendelea kukataa.

Hukukaa, mke mwenzangu. Utakuja tena?