Majalada Matatu, Sentensi Moja

Jumanne. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi kwenye droo za masijala.

Sijui nianzie wapi.

Kazi yangu siku hizi ni kuingiza kwenye kompyuta majalada ya zamani ya malalamiko dhidi ya askari, ili mwananchi akiomba kusoma, ayapate. Wiki iliyopita niliingiza la mfugaji wa Bahi. Jana, la fundi wa Ihumwa. Yote mawili yalikuwa na sentensi ileile. Kabla ya kipigo, askari aliwapa chakula na kuwaambia kwa upole: "Kula kwanza. Mwenye njaa haulizwi."

Nilidhani nimenakili mara mbili kwa makosa. Nikarudia karatasi. Sikuwa nimekosea.

Leo akaja mama mmoja kutoka Busi, kanga imejaa vumbi la safari. Nikamwamkia, akaitikia, akasema anataka kujua kama barua yake ya malalamiko bado ipo. Mume wake alichukuliwa kuhojiwa kuhusu ng'ombe walioibwa, akarudishwa hawezi kusimama. Hajasimama tena mpaka leo.

Jalada lilikuwepo. Hajui kusoma, akaniomba nimsomee.

Nilifika pale askari alipompa mume wake wali na maharage. Nilijua kinachofuata kabla ya kufunua ukurasa.

Kula kwanza.

Chini hapakuwa na jina, ila namba ya askari. Namba hiyo naijua tangu utoto. Imeandikwa kwa rangi nyeupe ndani ya mfuniko wa sanduku la bati, chumbani kwa baba.

Baba hajawahi kunipiga. Nilipofeli mtihani wa darasa la saba alinipakulia ugali, akasema mwenye njaa haulizwi. Nilikuwa nikiwasimulia marafiki zangu maneno hayo kwa fahari.

Yule mama akauliza, "Huyo mtu bado yuko hai?"

"Yupo, mama."

"Ana watoto?"

"Anaye mmoja."

Akanitazama kwa muda mrefu. Sijui aliona nini. Akasema, "Mungu amsaidie huyo mtoto," akafunga kanga yake, akaomba nakala.

Nilimpa. Kisha nikarudi kwenye kompyuta, pale penye nafasi ya jina la mlalamikiwa, nikaandika majina yote matatu ya baba yangu. La mwisho ni langu pia.

Jioni nilimkuta baba sebuleni anasikiliza redio. Nikamwambia nimesoma jalada la mtu wa Busi.

Hakuniuliza ni nani.

Alipunguza sauti ya redio, akaniuliza tu kama mke wa mtu huyo bado anakuja kulalamika.

Nimejifungia chumbani. Kesho nitamweleza bosi wangu kila kitu, majalada haya ayashike mtu mwingine. Namsikia baba jikoni, anapakua.

Sahani mbili.