Nilimwazimia Mgonjwa Dada

Mpendwa Mama Ikupa, naomba unishike mkono maana nimefika mwisho wa akili zangu na sina wa kumwambia, mimi ni muuguzi hapa Iringa, nafanya kazi kwenye chumba cha kipimo cha kamera ya tumbo, na ni mimi ninayewafundisha wauguzi wapya kwamba mgonjwa asiye na msindikizaji hachomwi dawa ya usingizi, kwa sababu ikishaingia mtu anaweza kukaa, kuongea, hata kucheka, na baadaye asikumbuke lolote.

Miezi miwili iliyopita alikuja mama mmoja wa Kilolo, nimwite Apolonia, chakula kilikuwa kinamkwama kooni, tulishamrudisha mara mbili kwa kukosa mtu, na siku hiyo akaja tena peke yake, akanishika mkono akasema, "Sista, watoto wangu wako Mgololo kiwandani, ruhusa hawapewi, mume nilishamzika, sasa mtu nimtoe wapi?" Roho ikaniuma. Kwenye benchi alikuwepo Mwantumu, muuza vitenge aliyemleta mumewe kwa kipimo hicho hicho, nikamwomba asaini kama dada yake, akacheka, "Lete kalamu, sista, kwani huyu si ndugu yangu kwa Adamu?" akaandika na namba yake ya simu kwa kuwa Apolonia hana simu. Kipimo kilikwenda vizuri, oksijeni haikushuka, daktari akakata kinyama kipelekwe maabara. Mwantumu akaondoka na mumewe, nami nikamwambia Apolonia arudi baada ya wiki tatu kuchukua majibu, akaitikia vizuri kabisa, "Ee, nitakuja," akajifunga kitenge akaenda stendi.

Hakurudi. Majibu yametoka, ni saratani, daktari anasema bado ni ya mapema, inatibika akiwahi. Inchaji, muuguzi mkuu wetu, akaniambia nimpigie ndugu yake, nikapiga, Mwantumu akapokea, "Sista, yule mama nilimwacha pale pale kwako, hata kwao sikujui," basi nikamjibu inchaji kwamba simu haipatikani, na faili likaandikwa mgonjwa hakurudi. Hii ni wiki ya tano tangu siku aliyotakiwa kurudi. Nikisema ukweli naiona leseni yangu inaondoka na watoto wananitegemea, nikinyamaza silali, halafu najiuliza, kwani si nilimwambia arudi? Je, nina kosa?

Muuguzi, Iringa

Binti yangu, pole. Naanza na pole kwa sababu mambo ya asubuhi ile uliyafanya kwa huruma, na wengi wetu tungeyafanya.

Lakini kosa unalo, tena usijifiche nyuma ya "nilimwambia arudi". Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba dawa ile inafuta kumbukumbu, halafu unataka niamini kwamba "ee" ya mtu mwenye dawa kichwani ni ahadi? Msindikizaji hatakiwi kwa ajili ya kumshika mkono tu. Ndiye anayesikia kwa niaba ya mgonjwa, na siku ile hakuna aliyesikia.

Hilo la saini ningekusamehe. La simu silisamehe. Hapo hukumwonea huruma mtu yeyote zaidi ya nafsi yako.

Sasa nisikilize. Kesho asubuhi, kabla hamjaita mgonjwa wa kwanza, ingia kwa inchaji, funga mlango, sema yote, la saini na la simu. Mwantumu usimtupie lawama, ulimwomba wewe. Faili lina jina la kijiji na kitongoji. Pigeni simu zahanati ya huko, mwenyekiti wa kitongoji atamfahamu. Msipeleke tangazo kanisani, ugonjwa wa mtu hausomwi mbele ya waumini. Omba uende mwenyewe. Kuhusu leseni, siwezi kukuahidi kitu, huenda wasikuonee huruma. Na hata wakikufukuza, waambie kwanza watafute utaratibu kwa wajane wanaokuja peke yao, maana Apolonia si wa mwisho.

Huko vijijini hospitali ikinyamaza watu wanamshukuru Mungu, wanajua wamepona. Apolonia anakunywa uji wake kidogo kidogo akiamini hivyo. Unaweza ukafika umechelewa, sikufichi. Nenda hivyo hivyo, mwite mtoto wake mmoja akae pembeni yake, umwambie mama huyo majibu yake akiwa macho.