Dawa ya Nywele ya Babu Yako

Mugisha mjukuu wangu,

Huku Ijumbi tupo, migomba inazaa, goti langu ndilo limegoma. Shangazi yako Koku anaandika ninavyosema, hata matusi.

Unauliza kama dawa ya upara inafaa kwa miaka mingi. Babu yako aliipaka miaka mingi. Haikumrudishia nywele za ujana, lakini ilizishika zilizobaki. Ilipokosekana madukani Bukoba, haikupita miezi mingi nazo zikaondoka. Ukipaka inafanya kazi, ukiacha nayo imeacha.

Lakini hakuipaka kwa urembo. Ilikuwa miaka ya UKIMWI, na mtu akipungukiwa nywele watu walinong'ona kwamba anao. Zake zilipoanguka baada ya dawa kukosekana, wenzake wakaacha kunywa naye rubisi kwa mrija mmoja. Akajifungia ndani na kofia yake.

"Baba Koku, kaa nikunyoe," nikamwambia.

"Watasema nimekwisha."

"Waje waniulize mimi ninayelala nawe."

Nikamnyoa akang'aa. Nikaenda naye kwenye pombe, nikanywa kwa mrija wake mbele yao wote. Wakacheka, kisha mmoja akauomba.

Basi paka ukitaka, mjinga wangu, ila usijifiche. Kile kichwa nilikipangusa kwa kanga yangu kila asubuhi mpaka alipozeeka akaondoka. Hata leo mkono wangu huamka kabla yangu, ukakitafuta kwenye mto. Ingekuwepo dawa ya kukirudisha, ningeipaka kila siku, nisiache.

Ni mimi bibi yako, ninayekutaka nyumbani na nywele au bila.