Kutolewa kwa Mjane Anifa binti Yahaya Akiwa Ndani ya Eda

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Sabiri bin Yahaya. Umri: miaka 78, ingawa sifanani. Kazi: seremala. Makazi: Mtaa wa Kwa Maseremala, Tabora.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Ukoo wetu upo pale tangu zama za misafara ya pembe, na hakuna mlango wa maana Tabora ambao sikuupiga randa mimi. Hilo nalo uliandike, afande.

Mnamo tarehe 14/06/2024, Ijumaa, tulimzika shemeji yangu Idrisa, mume wa dada yangu Anifa. Kwetu ukitokea msiba habaki mwanamume mtaani. Saa nane mchana, sisi tuko makaburini, halmashauri wakafanya mkutano wa kutuuliza kama tunakubali nyumba za kando ya barabara zibomolewe, barabara ipanuliwe. Tuliporudi na udongo kwenye kanzu tukakuta wanapakia viti. Afisa wao akaniambia, "Mzee wangu, wananchi wameridhia." Nikamuuliza, "Wananchi gani?" Alikuwepo muuza karanga na vijana wa bodaboda waliofuata soda. Akasema tupeleke malalamiko ofisini. Tulipeleka. Tukaambiwa mkutano ulishafanyika.

Anifa alikuwa ndani ya eda. Mjane wetu hukaa miezi minne na siku kumi katika nyumba aliyofiwa, hatoki hivi hivi. Tuliomba wangoje amalize, basi. Hawakujibu.

Tarehe 12/08/2024, saa tatu asubuhi, tingatinga likaja. Nilisimama mlangoni kwa Anifa, nikawaambia Tabora hii sijashindwa na mtu. Dereva akasema, "Babu, sogea, mimi nimetumwa tu." Wakaanza na ukuta wa jikoni. Mgambo wakataka kuingia wambebe. Anifa akasema kwa ndani, "Asinishike mwanamume. Kaka, uko wapi?"

Niliingia. Alikuwa amekumbatia nguzo ya kitanda. Akasema, "Kaka, usinitoe." Dari lilikuwa linadondoka. Nilimbandua vidole kimoja kimoja. Nje watu wote walimwona.

Nasikia halmashauri wanasema alitoka kwa hiari yake. Si kweli. Alitolewa, na aliyemtoa ni mimi. Sasa yuko kwangu, amegeukia ukuta. Chakula nikipeleka mimi hali.

Sina la kuongeza. Niliyosema ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya kwa mikono yangu.

Sahihi ya shahidi: SABIRI

Maelezo haya nimemsomea shahidi, ameyakubali. Alikataa kuweka dole gumba, akasema jina lake analijua kuliandika. Nilimsubiri.
Koplo Bundala